Utepe Ukilia, Shusha Tena

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Nilikuwa nimeajiriwa katika idara inayoshughulikia maji ya chini ya ardhi, na kwa akili yangu ya binti aliyetoka chuoni juzi, idara maana yake ilikuwa meza, kiti na feni. Mkuu wa Kitengo cha Visima, Muganda wa Mengo, mrefu na mkavu wa maneno, alinitazama kuanzia kichwani, akashuka mpaka kwenye viatu, akakaa hapo kidogo. Kisha akaniambia nipande gari. Kufikia saa ya chakula viatu vilikuwa na rangi ya udongo wa Uganda, na havikurudi kuwa vyeupe tena.

Tulikwenda kwenye kisima kipya pembezoni mwa mji, na hapo ndipo nilipokabidhiwa chombo nilichokishika maisha yangu yote ya kazi. Ni utepe mrefu wenye alama za mita, umezungushwa kwenye gurudumu la mkono, na mwishoni una ncha ya chuma. Unauteremsha kisimani polepole, na ncha ikigusa maji, kengele ndogo iliyo kwenye gurudumu hulia. Unasoma alama iliyo mdomoni mwa kisima, na hapo umejua maji yako kina gani. Mimi utepe ulipolia mara ya kwanza niliruka nikaitangaza ile namba kama mtangazaji wa mpira.

"Nani amekuuliza?" Mkuu wa Kitengo alisema. "Utepe ukilia, nyamaza. Shusha tena. Ukilia mara tatu mahali pamoja, ndipo ufungue mdomo."

Nilinuna, kwa sababu mimi nina hasira za karibu, na waliofanya kazi nami wanalijua hilo. Lakini alikuwa na haki. Ncha inaweza kugusa unyevu wa ukutani, au tone linaloshuka kwenye bomba, ikalia kabla ya kufika kwenye maji yenyewe. Mpimaji mwenye pupa huandika uongo bila kukusudia. Nilipomshusha tena na tena yule nyoka wa chuma, nikakuta namba yangu ya kwanza haikuwa ya kweli hata kidogo. Mkuu wa Kitengo hakucheka wala hakunikaripia, aliniambia tu nikoroge chai.

Niwaeleze vijana mnaosoma hapa kwamba nilizaliwa Makindye, katika nyumba za askari. Baba yangu alikuwa sajenti kutoka Kitgum, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyotumia na majirani, kwa kuwa kila mlango ulikuwa na kabila lake. Ofisini walinitania kwamba nazungumza lugha ya bunduki, yaani ya askari. Mimi nilijibu kwamba maji hayajawahi kumuuliza mtu lugha. Baadaye walinikimbilia wenyewe kila tulipofika mahali ambapo wenyeji, Wakenya na Wakongo hawakuwa na neno jingine la kuelewana.

Kituo changu cha kwanza nje ya Kampala kilikuwa Arua, chini ya Mhandisi wa Mkoa aliyependa karanga kuliko watu. Kutoka huko nikapelekwa Moroto, na huko nilikutana na Msimamizi wa Uchimbaji, mtu wa sauti kubwa aliyenifundisha jaribio la kusukuma maji. Jaribio hilo ndilo mtihani wa kisima. Kwanza unakiacha kitulie mpaka maji yasimame, na kina hicho tunakiita kina cha utulivu. Halafu unawasha pampu na kupima jinsi maji yanavyoshuka, katika kisima chenyewe na katika visima vya jirani. Ukizima, unapima jinsi yanavyorudi, na kurudi huko tunakuita kupona. Kisima kinachopona haraka kina afya, na kinachochelewa kinakuomba ukihurumie.

Huko Moroto jaribio zima liliwahi kuharibika kwa sababu wachungaji walikuwa wakinywesha ng'ombe kwenye kisima cha jirani kila siku tulipokuwa tukipima. Namba zilishuka, na hakuna aliyeweza kusema zimeshushwa na pampu yetu au na ng'ombe wao. Msimamizi alikusanya karatasi zote akazitia motoni chini ya sufuria ya maharage. Alisema maharage angalau yatatufaa. Tukaanza upya, ng'ombe wakiwa mbali.

Miaka ikapita, nikarudi Kampala nikiwa Mpimaji Mkuu wa eneo la mji. Nilijenga kibanda changu palepale Makindye, chini ya kilima, umbali mfupi kutoka Chemchemi ya Nalongo, ambapo mama yangu alichota maji akiwa amenibeba mgongoni. Maji yalitoka kwenye bomba fupi lililotiwa ukutani, chini yake sakafu ya saruji, na ngazi ambazo sisi watoto tulizichubukia magoti. Hapo walikuja wake wa askari, wenye mji Waganda, na Wakongo waliokimbia vita wakapata vyumba vya kupanga bondeni. Jirani yake palikuwa na bomba la mkono, yaani kisima kirefu chenye mkono wa kupiga, na nyumba kadhaa zilikuwa na visima vyao vya kuchimba kwa jembe.

Ndipo kikaja kiwanda cha maji ya chupa. Kilichimba kisima kirefu begani mwa kilima, kwa kibali halali, na hakuna aliyekasirika mwanzoni kwa kuwa kiliajiri vijana wetu. Lakini baada ya chupa yakaja maboza. Malori hayo yalijazwa maji yasiyosafishwa yakayapeleka kwenye hoteli na majengo mapya ng'ambo ya mji, kutwa kucha, na mngurumo wa pampu ukawa sehemu ya maisha yetu. Bandu bandu huisha gogo. Zamani jerikeni ilijaa pale kwa Nalongo kabla hujamaliza kumsalimu mwenzako. Sasa ilijaa ukiwa umeshamaliza habari za ndoa yake, za mama mkwe na za jirani wa pili.

Watu walijaribu njia zao. Wakapanga jerikeni tupu katikati ya barabara kuzuia maboza, maboza yakapita barabara ya upande wa pili. Wakaenda kwa Meneja wa kiwanda, akawapa maji ya chupa, kila mmoja yake, na hasira yangu niliposikia hivyo haikuwa ndogo. Kisha tukapata habari kwamba kiwanda kimeomba ruhusa ya kufunga pampu ya pili. Hapo hofu ilinishika kweli. Nilijua ile chemchemi haitaimudu pampu ya pili, na nilijua pia kwamba kujua kwangu peke yangu si ushahidi.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee mcheshi aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki, aliongoza ujumbe mpaka ofisini kwetu. Kamishna, aliyekuwa bosi wangu wa mwisho na mtu wa haki ingawa alipenda kusikia sauti yake, aliahidi kuja kuiona chemchemi kwa macho yake kabla ya kuamua. Mimi nilikuwa safarini Masaka wiki hiyo. Laiti ningekuwapo.

Buganda kuna desturi ya kazi za pamoja kwa faida ya nchi, inaitwa bulungi bwansi. Ngoma inapigwa asubuhi na kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe, mnafagia njia, mnazibua mitaro, mnasafisha kisima. Basi waliposikia Kamishna anakuja, walifanya kama walivyolelewa. Ngoma ikalia. Watu wakaingia nyuma ya ukuta wa chemchemi, wakachimbua matope ya miaka, wakaosha kokoto, wakabadilisha bomba, wakapaka chokaa, na mtu akaleta maua kwenye kopo. Maji yaliyokuwa yamekwama nyuma ya matope yakatoka yote kwa pamoja.

Nilifika na msafara wa Kamishna moja kwa moja kutoka Masaka. Tuliposhuka kwenye gari nikasikia maji kabla ya kuyaona. Bomba lilikuwa linatapika. Watu walikuwa wamevaa nguo za Jumapili, wanatabasamu.

"Madamu Akello," Kamishna aliniuliza, "hii ndiyo chemchemi inayokufa?"

Watu wakapiga makofi, wakidhani wamesifiwa. Meneja wa kiwanda alipiga makofi kuliko wote. Nilitaka ardhi inimeze pamoja na lile kopo la maua. Kamishna alipoondoka kuelekea kwenye gari nilimvuta Mwenyekiti kando nikamuuliza ni shetani gani aliyempa wazo lile. Alinishangaa kweli, bila hila.

"Mugeni anakuja, madamu," alisema. "Sisi naweza kumuonyesha tope?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini safari hii mgeni alikuja na mwenyeji akazidi kuugua. Baada ya siku chache maji yaliyokwama yaliisha, bomba likarudi kuwa uzi. Nilimfuata Kamishna ofisini nikamweleza yote, na nakiri nilipandisha sauti. Alinisikiliza, kisha akasema hataruhusu pampu ya pili wala hataikataza kwa maneno ya mtu anayeishi palepale. Angekubali jaribio rasmi la kusukuma, mbele ya mtaalamu wa kiwanda. Na mtaalamu huyo, kijana mwenye elimu na adabu, alikuwa ameshatoa hoja yake: maji yanashuka kwa sababu wenyeji wenyewe wanachota mno, kwa bomba la mkono na kwa visima vya nyumbani. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Niliwakumbuka ng'ombe wa Moroto.

Tulikutana na watu wa mtaa kwenye uwanja wa shule. Niliwaambia wazi kwamba kuna njia moja tu. Kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni mtu yeyote asipige bomba la mkono, asitie ndoo kwenye kisima cha nyumbani, na pale kwa Nalongo asiguse kitu, wala kuchota wala kufagia. Kiwanda kitazima pampu maji yatulie, kisha kitaiwasha kwa nguvu zote. Kama maji yatashuka hali hakuna hata jerikeni moja iliyochotwa, mtaalamu hatakuwa na pa kushika. Lakini nyumba moja ikichota, kazi yote ni ya kuwashia moto wa maharage.

Kelele zikaanza. Familia moja ilikuwa na shughuli ya kuhitimisha msiba Jumamosi ile ile, na wageni lazima wale, wanywe na waoge. Wake wa askari walisema watoto hawatangojea jaribio. Mtu akauliza kwa nini waadhibiwe wao na si boza. Mambo yalikuwa yanaelekea kuvunjika, ndipo akasimama Mama Furaha. Huyu alikuwa Mkongo wa Uvira, mjane, aliyewalea wanawe kwa kusukuma mkokoteni wa jerikeni, mwenyewe akiuita pusi-pusi, kutoka kwa Nalongo hadi kwenye vibanda vya chakula. Wapo walionong'ona kwamba mkimbizi hana neno katika mambo ya mtaa. Aliwasikia.

"Miye njo naishi na hii maji," alisema. "Nyinyi mukikosa maji, munakosa kuoga. Miye nikikosa, watoto hawakuli. Sasa miye nafunga pusi-pusi yangu siku zote izo. Nani kwenu atasema yeye hawezi?"

Wenye msiba ndio walioanza, wakasema wataleta maji kutoka kwa ndugu zao wa Mengo. Wake wa askari wakakumbuka kwamba mwenzao aliyehamia Mbuya ana bomba la jiji na mume mwenye pikapu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha na woga vimechanganyika, maana watu wengi wenye kiu ni vigumu kuwaamini, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Ijumaa jioni ngoma ililia. Kwa mazoea watu wakatoka na majembe, na Mwenyekiti akawa amesimama njiani kuwarudisha.

"Kira mutu aende nyumbani," alisema. "Bulungi bwansi ya leo ni kukaa."

Nimefanya kazi mahali pengi lakini sijaona kitu kama siku zile. Bomba la mkono tulilifungua tukatoa vyuma vyake, likawa kisima cha kuangalizia, mahali pa kuteremshia utepe. Vifuniko vya visima vya nyumbani vilifungwa kamba, na kila nyumba ililinda ya jirani yake kwa wivu. Jumamosi wenye msiba walipika wakala, maji yao yakishuka kutoka kwenye lori la ndugu, na vumbi la kilima likatulia juu ya jerikeni tupu zilizopangwa pale kwa Nalongo kama kawaida, foleni bila watu. Mkokoteni wa Mama Furaha ulikuwa umegeuzwa magurudumu juu mbele ya mlango wake, ili aliyepita auone.

Pampu ilipozimwa maji yalipanda mpaka yakasimama, nikapata kina cha utulivu. Pampu ilipowashwa nilimpa mtaalamu wa kiwanda utepe aushike yeye, kwa sababu nilitaka mkono uwe wake. Aliuteremsha, ukapita alama ya utulivu bila kulia. Akaendelea kuteremsha. Ulipolia hakusema neno, akaushusha tena, nami nikampenda kwa hilo. Ulilia palepale. Mara ya tatu akavua kofia.

"Madamu, imeshuka," alisema. "Na hakuna mtu anachota."

Tulipima mpaka Jumapili jioni, na kila kipimo kilikuwa chini ya kilichotangulia, na uzi wa maji kwa Nalongo ulizidi kuwa mwembamba huku foleni ya jerikeni ikiwa kavu. Tukazima pampu, maji yakaanza kupona. Mtaalamu aliandika ripoti moja nami, maneno yale yale, na Meneja hakupata pa kusimama. Mwenyekiti alitaka kunibeba begani. Nilimkatalia kwa ajili ya mgongo wake, lakini nililia hadharani, na sioni haya kuwaambia.

Kamishna aliikataza ile pampu ya pili. Akaweka masharti kwenye ile ya kwanza: kiasi cha maji yanayotoka kilimani kiwe na mpaka, maboza yasijazwe kabisa wakati wa kiangazi, na katika kisima cha kuangalizia kiwekwe kina cha mwisho, kilichotiwa alama nyekundu kwenye utepe wenyewe. Maji yakishuka chini ya alama hiyo, kiwanda kizime mpaka yapone. Wenyeji nao wakakubali kwamba hakuna atakayechimba kisima kipya bila idhini ya wote. Kupima wakapewa kamati ya chemchemi, mwakilishi wa kiwanda akiwapo, na kamati ikamchagua Mama Furaha kuwa mwenye utepe. Nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa mgumu kufundishika, kwa kuwa alipenda kuitangaza namba mara tu kengele inapolia, nami nikamjibu kwa ukavu wote wa Mkuu wa Kitengo, Mungu amrehemu.

Nikastaafu muda mfupi baadaye. Waliniaga ofisini kwa keki na hotuba, na Kamishna akazungumza mpaka soda baridi zikapata joto. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Sina haja ya kuikumbuka, naipitia kila asubuhi nikienda sokoni. Kwa vijana mnaoingia katika fani hii ninalo moja tu la kusema: mtakuwa na mashine bora kuliko zetu, zinazojisomea zenyewe, lakini mwenye kiu akubali kukaa bila kuchota ili ukweli uonekane, hilo hakuna mashine itakayomwomba. Mtamwomba nyinyi, na mtamwomba kwa lugha yake.

Kiangazi kilichopita kilikuwa kikali. Siku ya kupima nilikwenda kukaa kwenye benchi pamoja na wengine, sina cheo wala utepe, na Meneja wa kiwanda alikuwapo akifuta jasho. Mama Furaha aliteremsha ncha. Ulipolia, kila mtu aliyekuwa karibu aliona kwamba alama nyekundu imeshapita mdomo wa kisima na kuzama. Kijana mmoja akafungua kinywa.

"Nyamaza," Mama Furaha alisema. "Nashusha tena."

Akashusha. Ukalia. Akashusha mara ya tatu, bila haraka, na ukalia palepale. Ndipo akainua uso akamtazama Meneja.

"Iko chini ya mustari. Zima."

Meneja akatoa simu. Muda si mrefu mngurumo wa juu kilimani, uliokuwa masikioni mwetu miaka yote ile, ukakatika, na tukasikia maji ya Nalongo yakianguka kwenye jerikeni. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa nimekunja mikono, na katika umati wote ule hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniuliza kama kipimo ni sahihi.